Msiondoke Dirishani Kabla ya Kuuliza
Hotuba ya mteknolojia wa dawa kwa wananchi wa Kata ya Itetemia



Mwaka 1867 wapagazi walitoroka na sanduku la dawa la David Livingstone. Alipokaa Kwihara, jirani zetu hapa, mwaka 1872, alikuwa amedhoofishwa na maradhi, na mwaka uliofuata alifariki. Wakati ule shida ilikuwa kuipata dawa. Leo shida kubwa mara nyingi ni kuitumia ipasavyo, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Nikiwa mwanafunzi katika mafunzo ya vitendo, niliwahi kumchukulia mtoto wa kilo 14 pakiti ya dawa mseto ya malaria yenye vidonge 12. Mama yake alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kupokea, msimamizi wangu aliponizuia na kuniamuru nisome cheti upya. Mtoto wa uzito huo hupewa kidonge 1 kwa kila dozi, yaani 6 kwa siku 3. Kuanzia kilo 15 hupewa 2 kwa dozi, kuanzia kilo 25 hupewa 3, na kuanzia kilo 35 hupewa 4. Tangu siku hiyo sitoi dawa ya mtoto bila kuuliza uzito wake.

Mafunzo yetu ya stashahada huchukua miaka 3. Mwombaji huwa amefaulu kidato cha nne, yakiwamo masomo ya Kemia na Biolojia. Chuoni hujifunza jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, hesabu za dozi, utunzaji wa bohari, sheria na maadili. Akihitimu husimamiwa na Baraza la Famasi, kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Wazazi wenye vijana wanaopenda sayansi, wahimizeni.

Kazi yetu haiishii dirishani. Tunaagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, tunaandika kila kinachoingia na kutoka, tunazilinda na joto, na tunahakikisha zinazokaribia kuisha muda zinatangulia kutumika.

Ndugu wananchi, nina maombi matatu. Kwanza, tajeni uzito wa mtoto, ujauzito, na dawa nyingine mnazotumia. Pili, ulizeni saa za kumeza. Dozi ya pili ya dawa mseto hufuata baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula. Tatu, malizeni dozi hata homa ikishuka, wala msimgawie jirani vidonge. Vimelea vilivyosalia huongezeka, na ugonjwa hurudi.

Foleni ikiwa ndefu, bado ulizeni. Kukujibu ni sehemu ya kazi yetu.