Hukumu Haitoshi Mpaka Itekelezwe
Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi, Liwatoni



Mtu akifukuzwa kwenye ardhi au akiharibiwa riziki, husikika akisema atafika mpaka Arusha. Tuulizane leo: mahakama ya kule humpa mtu nini, na kufika huko ni vipi?

Jamii ya Ogiek wa Msitu wa Mau iliifuata njia hiyo. Oktoba 2009 walipewa ilani ya siku 30 wahame. Malalamiko yao yakapelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Banjul, nchini Gambia. Tume iliifikisha kesi Arusha mwaka 2012. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki zao.

Fidia iliamuliwa miaka mitano baadaye, tarehe 23 Juni 2022: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu waliyopata. Fedha hizo ziliagizwa ziwekwe kwenye hazina ya maendeleo ya jamii nzima. Zaidi ya hayo, mahakama iliagiza ardhi ya mababu zao ipimwe na watolewe hatimiliki ya pamoja. Ombi la kuombwa radhi hadharani lilikataliwa. Mahakama ilisema hukumu yenyewe inatosha.

Basi fidia si pesa peke yake. Ni kumrudisha mtu, kadiri iwezekanavyo, pale alipokuwa kabla ya kudhulumiwa. Lakini Arusha haina polisi wa kuja kupima mashamba. Anayeamriwa kutekeleza ni serikali ileile iliyoshtakiwa, ndiyo maana wenye haki hawana budi kufuatilia hata baada ya kushinda.

Kuna mambo matatu ya kushika.

Kwanza, anzia mahakama za nyumbani. Wenzetu wa Owino Uhuru, walioathirika na sumu ya risasi, walishinda hapahapa Mombasa mwaka 2020: shilingi bilioni 1.3, na agizo la kusafisha udongo. Rufaa ziliwachelewesha hadi Mahakama ya Upeo ilipowapa haki mwaka 2024.

Pili, jua mlango. Kenya haijatoa tamko la kumruhusu mwananchi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika, kwa hivyo utapitia Tume ya Banjul. Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo pia iko Arusha, hupokea kesi za wakazi moja kwa moja pale Mkataba wa Jumuiya unapokiukwa, lakini ni ndani ya miezi miwili tu.

Tatu, weka ushahidi: ilani, stakabadhi, picha, karatasi za hospitali. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni vivyo hivyo.