Zabibu Haisubiri Mnunuzi
Tuzungumze juu ya Mondovino, filamu ya Jonathan Nossiter ya mwaka 2004 kuhusu biashara ya divai, au waini kama tunavyosema. Huko Aniane, Ufaransa, kampuni ya Mondavi kutoka Marekani ilitaka kupanda mizabibu kwenye msitu wa kijiji. Wenyeji walibishana, wakapiga kura. Mwaka 2001 meya mpya aliupinga mpango, kampuni ikaondoka.

Hapa jirani, mkulima wa Dodoma akikosa mnunuzi, zabibu zinamwozea kama sukuma zetu; ndiyo maana hupangiwa bei. Basi, akija mtu kutaka mazao au ploti, tusimjibu mmoja mmoja. Tukutane kwanza, tuulizane, tuamue pamoja.