Mstari wa Chaki wa Mita 3: Upimaji wa Msawazo wa Mwili kwa Wazee Mitaani na Vijijini

Kuanguka kwa mzee ni tukio ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki hulieleza kwa neno moja tu, uzee, na neno hilo likishatamkwa mazungumzo hufungwa, kana kwamba umri wenyewe ndio uliomvuta mtu chini. Tiba ya wazee, yaani tawi la utabibu linaloshughulikia afya na maradhi ya watu wa umri mkubwa, imekuwa na maelezo mengine kwa muda mrefu. Mwaka 1988 Mary Tinetti na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti uliowafuatilia watu 336 wa miaka 75 na zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao, na ikaonekana kuwa takriban thuluthi moja yao walianguka angalau mara moja ndani ya mwaka. Hatari hiyo ilipanda kwa kadiri kasoro zilivyojumlika kwa mtu mmoja, zikiwemo dawa za kutuliza na za usingizi, udhaifu wa miguu, matatizo ya nyayo, kudhoofika kwa akili na hitilafu katika mwendo na kusimama: asiye na kasoro hata moja alikuwa na uwezekano wa asilimia 8 wa kuanguka, ilhali mwenye nne au zaidi alikuwa na uwezekano wa asilimia 78. Pengo la ukubwa huo haliwezi kuelezwa kwa umri peke yake, na kati ya kasoro hizo zote mwendo na kusimama ndizo zinazoweza kukaguliwa barazani, bila maabara wala umeme. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Msawazo wa mwili, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni uwezo wa mtu kuuweka uzito wake juu ya eneo dogo lililokanyagwa na nyayo zake, akiwa amesimama tuli au akiwa katika mwendo. Uwezo huo hutegemea njia 3 za kupata habari: macho, chombo cha msawazo kilichomo ndani kabisa ya sikio ambacho hutambua kichwa kimeinama au kimegeuka upande gani, na hisi ya nyayo na viungo, ambayo humjulisha mtu mguu wake uko wapi bila ya kuutazama. Ubongo huzikusanya habari hizo na kuiamuru misuli ya vifundo, magoti na nyonga irekebishe kidogo kidogo, kiasi kwamba anayeonekana amesimama kimya kwa hakika huyumba muda wote na kujirudisha. Kijana huifanya kazi hii bila kujua. Mzee mwenye mtoto wa jicho, ambaye kisukari nacho kimemtia ganzi nyayoni, huifanya kwa njia moja nzima na macho yaliyofifia, naye huishiwa hila pale taa inapozimika.

Katika karne ya 19 tabibu wa Kijerumani Moritz Heinrich Romberg alieleza juu ya wagonjwa walioweza kusimama wameunganisha miguu mradi macho yao yanaona, lakini walipoyafumba walipepesuka. Uti wao wa mgongo ulikuwa umepoteza njia ya kupeleka hisi za miguu kwenye ubongo. Kipimo cha kusimama na kufumba macho kinaitwa kwa jina lake hadi leo, na madaktari wamekwisha kuona kuwa watu wa namna hiyo hujitambulisha asubuhi, wanapofumba macho ili kunawa uso. Kwa wakazi wa mwambao jambo hili halihitaji maelezo marefu, kwa kuwa atawadhaye hufumba macho anapoosha uso na hatimaye huinua mguu mmoja kuufikisha kwenye bomba, akiwa juu ya sakafu iliyolowa, mara nyingi kabla ya mapambazuko. Mzee aliyeanza kuketi wakati wa kutia udhu, au kutafuta ukuta kwa mkono, amekwisha kujipima mwenyewe na kulipata jibu, na binti yake akimuuliza sababu huenda akaambiwa kuwa maji ni ya baridi.

Vipimo rasmi havitofautiani sana na hayo. Kimojawapo kina hatua 4, na kila hatua hushikiliwa kwa sekunde 10: kusimama nyayo zikiwa sambamba na kugusana, kisha unyayo mmoja ukiwa umesogezwa mbele nusu, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, na mwisho kusimama kwa mguu mmoja. Anayeshindwa kutimiza sekunde 10 katika hatua ya tatu huhesabiwa kuwa hatarini. Kipimo kingine, kilichochapishwa mwaka 1991 na Diane Podsiadlo na Sandra Richardson, humtaka mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, huku saa ikihesabu. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani huchukulia sekunde 12 au zaidi kuwa dalili ya hatari.

Saa, hata hivyo, huona kidogo kuliko jicho. Mstari wa chaki ukishachorwa sakafuni pale mita 3 zinapokoma, mpimaji hodari husimama ubavuni mwa mzee, nyuma yake kidogo, karibu kiasi cha kumdaka lakini bila ya kumshika, na hutazama mambo ambayo hayaingii katika sekunde. Hutazama kama mzee ameinuka kwa mara ya kwanza au alirudi kitini akajipanga upya, kama mikono imesukuma mapaja, na kama visigino vinanyanyuka au kandambili zinaburuzwa. Hutazama zaidi pale penye mstari, kwa sababu kugeuka ndiko kunakofichua mengi: mwenye msawazo mzuri hugeuka kwa hatua mbili tatu, na aliyepungukiwa hugeuka kwa vihatua vingi vifupi, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Bibi aliyejifunga kanga huenda akaishika kwa mkono mmoja njia nzima, na mkono huo uliofungwa na nguo ni mkono uliopotea, maana mikono ndiyo inayotupwa nje mwili unapoyumba. Kumwomba aikaze kanga kabla ya kupimwa hutoa matokeo mazuri zaidi, lakini kumpima alivyo huonyesha jinsi anavyokwenda dukani.

Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Sweden, waliripoti kuwa wazee waliosimama kila walipoanza kuzungumza walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka baadaye, kwa sababu kutembea kulikuwa kumegeuka kuwa kazi inayoihitaji akili yote. Mtu anaweza kudhani kuwa kipimo hiki kinafaa sana mahali ambapo kila anayepita humwamkia mzee. Tatizo ni kwamba kwa wengi kusimama ili kuitikia marahaba na kuuliza habari za nyumbani ni adabu, na mpimaji asiyeufahamu utamaduni huo atawaandika watu waungwana kuwa wagonjwa.

Hoja hiyo ya utamaduni inakwenda mbali zaidi ya salamu. Kipimo cha mita 3 hutaka kiti chenye mikono na kimo maalumu, ilhali wazee wengi huketi juu ya mkeka, kigoda, kitanda cha kamba au baraza ya saruji ambayo kimo chake hubadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Mzee ambaye maisha yake yote ameinuka kutoka chini huenda akafaulu vizuri kitini na bado akawa amekwisha kushindwa pale anapoinuka kutoka kwenye sijida au kutoka jikoni kwenye mafiga. Nchini Brazil Claudio Gil Araújo na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu kipimo cha kuketi sakafuni na kuinuka, ambacho humpa mtu alama 5 za kuketi na 5 za kuinuka, kisha humpunguzia alama moja kwa kila mkono, goti au mkono juu ya goti aliotumia kujitegemeza. Kwa nyumba zenye mkeka kipimo hiki kinastahili nafasi kubwa kuliko kinayopewa sasa, japo mwenye maumivu ya magoti asilazimishwe, maana magoti yanaweza kumnyima alama ilhali msawazo wake ni mzima.

Lugha nayo ina mtego wake. Kabla ya kipimo chochote mzee huulizwa kama ameanguka katika miezi 12 iliyopita, na swali hilo, likitafsiriwa neno kwa neno, hukosa shabaha kwa njia mbili. Kwanza, katika Kiswahili cha mitaani kuanguka ni jina mojawapo la kifafa, hivyo anayeulizwa kama huanguka anaweza kusikia anatuhumiwa ugonjwa mwingine kabisa, tena ugonjwa wenye unyanyapaa. Pili, mzee hupenda kutofautisha: aliyejikwaa hakuanguka, alijikwaa, aliyeteleza chooni aliteleza, aliyekosea ngazi akaketi chini kwa kishindo atasema alikaa. Shirika la Afya Duniani lafasiri kuanguka kuwa ni tukio linalomfikisha mtu chini, ardhini au mahali pengine pa chini, pasipo kukusudia, na kwa tafsiri hiyo kuteleza na kukaa huko kote ni kuanguka mradi mwili umefika chini. Dodoso lenye neno moja litaleta majibu ya hapana kutoka kwa watu wenye michubuko viwikoni. Ni afadhali muulizaji ataje kujikwaa, kuteleza, kupepesuka na kukalia chini kimojakimoja, na aulize faraghani, kwa kuwa wako wazee wanaoficha ajali hizo wakichelea kukatazwa na watoto wao wasitoke tena peke yao.

Vipimo hivi vina mipaka inayopaswa kusemwa waziwazi kwa wanaovipenda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 na Emma Barry na wenzake, ulioziunganisha tafiti mbalimbali za kipimo cha mita 3, ulionyesha kuwa kwa kikomo cha sekunde 13.5 kipimo hicho kiliwanasa watu 31 tu katika kila 100 ambao baadaye walianguka. Mzee aliyetumia sekunde 9, kwa hiyo, hajapewa hati ya usalama, na mpimaji anayempongeza na kumruhusu aende zake amekosea kuliko ambaye hakupima.

Fundisho kubwa zaidi lilitoka Uingereza mwaka 2020, wakati Sarah Lamb na wenzake walipochapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wazee 9,803 wa miaka 70 na zaidi. Kundi moja lilipelekewa ushauri kwa posta, na makundi mawili mengine, pamoja na ushauri huo, yalichunguzwa hatari kwa dodoso la posta, na waliobainika kuwa hatarini wakapatiwa mazoezi au tathmini pana ya afya. Mwisho wa ufuatiliaji idadi ya waliovunjika mifupa haikupungua katika makundi yaliyochunguzwa. Wako wanaoyatumia matokeo hayo kudai kuwa uchunguzi haufai. Tafsiri inayopendekezwa hapa ni finyu zaidi, kwamba uchunguzi hauna nguvu yake yenyewe, na nguvu inayoonekana kuwa nayo ni ya kile kinachofuata. Hicho kinachofuata kina ushahidi wa kutosha. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyojumlisha majaribio 108 yenye watu 23,407, yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, na yanayofaa zaidi ni yale yanayoutikisa msawazo wenyewe na kuitia nguvu miguu.

Mpangilio wa kazi, basi, unafaa kugeuzwa: kwanza yapatikane mazoezi na mtu wa kuyasimamia, ndipo itafutwe siku ya kupima. Siku hizo si haba. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, na vituo vya malipo viliwakusanya wazee wa shehia mahali pamoja, jambo ambalo hakuna kampeni ya afya ingeliweza kulifanya kwa gharama ndogo. Mikutano ya vikundi, ua wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa na uwanja wa kanisa baada ya misa vinaweza kutumika vivyo hivyo. Mhudumu wa afya ya jamii aliyefunzwa vizuri hutosha kuendesha kipimo, lakini anahitaji njia ya kumfikisha kituoni mzee ambaye kipimo chake kimeonyesha jambo zaidi ya miguu dhaifu: anayepatwa na kizunguzungu kila anapoinuka apimwe presha akiwa amelala na kisha akiwa amesimama, maana huenda dawa anazomeza ndizo zinazomwangusha, na asiyeona mstari wa chaki hana haja ya mazoezi kwanza bali ya daktari wa macho.

Kwa wanaobaki, mfano mzuri ni mpango wa Otago wa New Zealand, uliobuniwa na John Campbell na Clare Robertson miaka ya 1990, ambao mzee huufanyia nyumbani kwake: kunyanyua miguu iliyofungwa uzito vifundoni, kutembea kwa kuunganisha kisigino na vidole, kutembea kinyumenyume, kuinuka kitini bila mikono, mara 3 kwa wiki, na kutembea nje siku nyingine. Katika majaribio yake kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Uzito wa vifundoni unaweza kushonwa na fundi yeyote kwa kitambaa kigumu kilichojazwa mchanga mkavu, kuanzia nusu kilo. Pa kujishika panatosha kuwa ukingo wa baraza au meza isiyosogea, mikono yote miwili mwanzoni, kisha mmoja, kisha vidole viwili, na mjukuu aliyerudi kutoka shuleni akihesabu kwa sauti hadi kumi.