Msanii na Malengo ya Mwaka Mpya



Sanamu ya Dedan Kimathi, mwana wa Tetu, ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007. Wengi hupiga picha hapo bila kumjua aliyeiunda, Kevin Oduor.

Januari msanii hupima mwaka uliopita: alichora nini, alilipwa ngapi, na ni lipi liliandikwa? Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeagiza, wasipopatana vinginevyo. Mchoro wa ukutani waweza kuchapishwa kwenye fulana na kalenda, mchoraji asipate hata shilingi.

Basi lengo la mwaka huu liwe hili: mkataba kwanza, rangi baadaye.