Majeraha Yaletayo Uziwi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kigoma)



Tulipotangaza kuwa tutasema habari za masikio, wengine walicheka, wakadhani tutawahubiria watu wasiosikia maonyo. Sivyo. Twataka kusema habari za sikio lenyewe la mwili, na jinsi liwezavyo kuharibika kwa jeraha dogo. Na mfano wetu wa kwanza hautoki mbali, umetoka katika ziwa hili hili tuonalo madirishani.

Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji. Mwezi wa Machi Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi pamoja na Sidi Mubarak Bombay na mabaharia, akielekea kisiwa cha Kasenge, ng'ambo ya magharibi, kutafuta jahazi la Sheikh Hamed bin Suleyim. Njiani walilala katika kisiwa cha Kivira. Usiku dhoruba ikalitikisa hema. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake, na mara hema likajaa mbawakawa weusi wadogo walioifuata nuru. Akashindwa kuwafukuza, akazima mshumaa akalala. Mmoja akamwingia sikioni, akaanza kuchimba. Speke alitafuta mafuta, chumvi na tumbaku, asipate (nasi watu wa michikichi twastaajabu kwamba mafuta yalikosekana). Akatia siagi iliyoyeyushwa, isifae. Ndipo akatwaa kisu kidogo cha kukunja, akaingiza ncha yake sikioni.

Dudu alikufa. Walakini Speke mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1864 kuwa kisu kilidhuru kuliko kufaa. Sikio likavimba, likatunga usaha. Majipu yakashuka mpaka begani. Kwa siku kadhaa hakuweza kutafuna, akawa mtu wa kunywa mchuzi. Kwa miezi mingi alikuwa karibu kiziwi, na ndani likatoboka tundu, hata kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na waliousikia wakacheka. Vipande vya dudu, mguu na bawa, vilitoka pamoja na taka za sikio baada ya miezi sita au saba. Basi mwezi wa Agosti 1858, alipoliona Ziwa Viktoria, mbawakawa wa Tanganyika alikuwa bado yumo sikioni mwake. Habari hii haisimuliwi sana mashuleni.

Ni kitu gani kilichoharibika? Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimeta 2½ tu. Mwisho wake pana kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimeta. Nyuma yake mifupa mitatu midogo, nyundo, fuawe na kikuku, hupokezana mtetemo mpaka sikio la ndani, lililojizungusha kama konokono. Ncha ya kisu, ya kalamu, ya njiti ya kiberiti, zote huzimaliza sentimeta hizo upesi. Nasi makarani ndio wenye kalamu. Ni nani kati yetu asiyewahi kujikuna sikio kwa penseli huku akingoja faili?

Tena liko kofi. Kofi halina ncha, lakini kiganja kikiliziba tundu ghafula, hewa iliyomo husukumwa ndani, ikapasua kiwambo. Kwa kuwa wapigaji wengi hutumia mkono wa kuume, sikio la kushoto la mpigwa ndilo liumialo zaidi. Hapa twasema habari zetu wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja, alitupiga kofi kwa kuchelewa kusimama. Damu kidogo ilitoka, kisha usaha. Nyumbani wakatia maji ya majani, wakasema litapoa. Sikio lile leo husikia kama la mtu aliyejifunika blanketi. Na kazini limetuletea jina baya. Mkubwa mmoja alituita mara mbili kutoka upande wa kushoto, tusigeuke. Akaandika kwamba karani huyu ana kiburi. Maneno hayo yakaingia katika faili, nanyi mwajua jinsi ilivyo kazi kulitoa neno lililokwisha ingia humo.

Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni zataja fimbo nyepesi, nazo zataja mkono na matako. Mahali pengine pa mwili hapana ruhusa. Sikio halimo. Mzazi na alijue hilo anapokwenda kuonana na walimu, na alikumbuke arudipo nyumbani, maana makofi mengi hutoka kwetu sisi wazazi.

Kiwambo kilichopasuka kidogo mara nyingi huziba chenyewe kwa majuma kadhaa, maadamu hakiingiwi na maji. Kwa hiyo mtoto wa Ujiji mwenye jeraha hili asipige mbizi ziwani mpaka mganga wa hospitali amtazame, wala asitiwe majani, wala maziwa ya mama. Mdudu akiingia katika sikio lililo zima, mafuta ya kula yenye uvuguvugu kidogo humwua. Bali sikio lililowahi kupasuka, au litokalo usaha, lisitiwe kitu. Na mtu aliyeanguka kutoka mchikichini au katika pikipiki, sikio likatoka damu au maji, huyo huenda mfupa wa kichwa umepasuka: apelekwe Maweni saa ile ile, asilazwe nyumbani kungojwa kesho.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Mwenye swali na asimame upande wetu wa kuume.