Mistari Kumi Baada ya Tarawehe



Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu mnaoangalia saa mkingojea adhana ya magharibi, sitawachosha.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuandika. Ramadhani ya mwaka jana nilinunua daftari, nikatia nia ya kuandika mistari kumi kila usiku baada ya tarawehe. Usiku wa kwanza niliandika juu ya umoja wa Waislamu. Wa pili, amani ya dunia. Wa tatu nikasinzia na kalamu mkononi. Nikasema basi, hii kazi ina wenyewe.

Kisha ikaja Ijumaa, na hapa kwetu Lubao mnajua Ijumaa ni soko. Ukisema huko nje kwamba unatoka Lubao, mtu anakuuliza kwanza mbwa ni pesa ngapi! Soko letu la mbwa linajulikana hata na wasiowahi kupita barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Usiku ule sikuwa na mada. Nikaandika tu nilichokiona nikitoka msikitini (kwa mbali, msinitilie shaka ya udhu): mzee mmoja ameshauza mbwa wake, pesa zimehesabiwa, mnunuzi amenyoosha mkono apokee kamba, na mzee haiachi. Mistari kumi ikaisha na mimi bado nataka.

Wakati wa daku nikamsomea mama. Akacheka, halafu akanyamaza, akaanza kunisimulia jinsi babu, baba yake, alivyouza ng'ombe wake wa pekee ili yeye alipiwe karo. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Babu tuliishi naye boma moja, akafariki nikiwa kidato cha nne. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeshafunzwa madrasa kuandika kwa herufi za Kiarabu na shuleni kwa hizi zetu, na sikumwandikia hata neno moja. Mama anamkumbuka ng'ombe. Lakini babu alirudi vipi kutoka sokoni siku ile, alisema nini, hakuna wa kumuuliza tena. Hilo linaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo sikutafuta mada. Niliandika foleni ya maji, watoto wanaogombania tende, imamu akipata kikohozi katikati ya swala. Kuna usiku mistari haikuwa na ladha kabisa, nikaiandika hivyo hivyo, na kesho yake ikaja mizuri. Furaha yenyewe haikungoja kitabu. Ilikuwa pale pale, wakati wa daku, mama akiuliza: leo umeandika nini?

Tusione kidogo kidogo ni mchezo. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, ijapokuwa ni chache. Na tunaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ya kila wiki kwa Kiswahili akaiita Sahifa, yaani ukurasa. Ukurasa tu! Humo aliwaandikia watu wa mji wake juu ya elimu na mienendo yao ya kila siku. Baadaye makala hizo zikakusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, na mwaka 2017 kikatolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mwaka huu nimeanza na nyanya, mzaa baba. Amekubali kusimulia kwa sharti moja: kila usiku nimsomee nilichoandika, na nikitia chumvi anikatize. Jana alinikatiza mara mbili.