Waya wa Umeme na Nyumba ya Mwanachama
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu)



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, bei na mizani, nami sina la kuongeza. Nitasema juu ya waya.

Wakala wa Nishati Vijijini, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nguzo za umeme katika vijiji vingi ambavyo wazee wetu walijua kibatari tu. Wengi wetu tumetandaza nyaya nyumbani kwa malipo ya mazao yetu. Basi yapasa fedha hiyo ya jasho itununulie mwanga, isije ikatununulia msiba.

Kwanza, na tujue mpaka. Waya utokao nguzoni hadi kwenye mita ni wa TANESCO. Mwanachama hana ruhusa ya kuukata wala kuusogeza, hata akiwa anaongeza chumba. Waya huo usiguse bati wala mti, kwa kuwa upepo huutikisa, na ukingo wa bati hulichuna ganda lake kidogo kidogo, hata siku moja paa zima likashika umeme. Auonaye umelegea au umelaliwa na tawi, hana budi kupeleka habari upesi, wala asipande ngazi mwenyewe. Lakini baada ya mita, kila kitu ni mali yetu na dhima yetu.

Pili, unene wa waya. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Birika la wati 2,300 peke yake huvuta ampea 10; ukiongeza pasi na jiko katika soketi hiyo hiyo, waya hulemewa. Wala joto haliongezeki kwa kadiri ile ile: umeme upitao ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Kwa sababu hiyo taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko aghalabu 6. Anayetandaza waya wa taa mpaka kwenye soketi ameweka akiba kidogo leo, na rahisi ni ghali. Kadhalika, fyuzi imewekwa ili ikatike. Anayefunga kipande cha waya mnene mahali pake amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Tatu, waya wa ardhi. Katika nyaya za siku hizi, wa kahawia ndio wenye umeme, wa bluu ni wa kurudisha, na wenye mistari ya kijani na manjano ni wa ardhi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, kwa hiyo fundi asikisie, bali apime. Huo wa ardhi ndio watu wengi huuacha, kwa maana taa huwaka bila yake. Lakini siku umeme utakapovujia kwenye bati la pasi, mkono wa mama ndio utakaokuwa njia ya kwenda ardhini. Wala fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini haitoshi peke yake, kwa kuwa udongo mkavu haupitishi umeme wa kutosha kukata fyuzi. Yafaa iwepo pia swichi ya kinga ya miliampea 30, ambayo huhisi umeme unaovuja na kuukata kufumba na kufumbua.

Nne, nasema neno ambalo kwa baadhi yetu ni chungu. Jirani hana fedha ya kuunganishiwa. Mwenye mita humvutia waya mwembamba juu ya migomba, au huufukia shimo la kina cha kiganja. Nia ni njema, nasi tuliolelewa katika ushirika twaona haya kumkatalia. Lakini waya haujui nia. Jua hupasua ganda lake, jembe hulikata, na mtoto huukanyaga wakati wa mvua. Huo si ushirika, bali ni kugawana hatari.

Ushirika wa kweli upo, na Halmashauri italeta shauri lake mbele ya Mkutano Mkuu: vyama vya msingi vimwajiri kwa pamoja fundi mwenye leseni ya EWURA akague nyumba za wanachama; vinunue kwa jumla nyaya za shaba zenye alama ya ubora ya TBS; na asiye na fedha akopeshwe, akatwe katika malipo ya pili ya msimu.

Wako wanaosema kwamba Chama kiliundwa kwa ajili ya mazao, wala si kwa ajili ya nyaya. Nawaheshimu, lakini nawauliza: kahawa iliyokauka huhifadhiwa chini ya paa gani kabla ya kufika mizani? Nyumba ikiungua, magunia huungua nayo. Deni la pembejeo hubaki, na sisi sote ndio tutakaolibeba. Na hayo ni mali tu. Mtu akifa kwa umeme, hakuna malipo ya pili yatakayomrudisha.

Kwa hiyo nawasihi, mtakapokaa katika mikutano ya vyama vyenu, lijadilini shauri hili kwa utulivu, na mjumbe wenu aje na jibu lenu. Na kabla ya hapo, kila mmoja arudipo nyumbani leo aitazame soketi yake: ikiwa ni ya moto au imeungua pembeni, azime swichi kuu na kumwita fundi kabla hajaitumia tena.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nawatakieni nyote heri ya miaka kumi mingine. Umoja ni nguvu.